Jirani anaruka siku kulisha sato, mimi nalisha mara tatu kwa siku. Mbona wake wakubwa kuliko wangu?

#1 Mwalimu wa Mlandizi
Wakuu, habari za jioni. Nisaidieni kabla sijalifukia bwawa nikapanda mihogo.

Nina bwawa la udongo, mita 10 kwa 20, hapa Mlandizi. Nilipandikiza vifaranga 600 wa sato, wanatimiza mwezi wa nne. Nawapa chakula cha kuelea cha dukani mara tatu kwa siku: saa 12 asubuhi kabla sijaenda kazini, mchana kijana anarusha, jioni narusha mwenyewe. Jumla kilo 4 kwa siku. Hawajawahi kukosa hata siku moja, Idi walikula kuliko mimi.

Jirani yangu ni mama mtu mzima, bwawa lake linatazamana na langu, ukubwa uleule, vifaranga tulinunua siku moja kwa mtu mmoja tukachangia nauli ya bajaji. Yeye leo analisha, kesho anaacha. Anachukua pumba, mashudu ya alizeti na vumbi la dagaa, anakanda kwenye beseni mpaka yanashikana kama ugali, anaangusha matonge kona moja basi.

Jumamosi tumevuta nyavu kwangu na kwake. Wangu kumi: kilo 1 na gramu 400. Wake kumi: kilo 1 na gramu 900. Mizani ni moja, tuliazima kwa muuza nyanya.

Nilipomuuliza siri alicheka akasema, "Mwanangu, samaki ukimshibisha anakuwa mvivu." Kuna ukweli hapo, au kuna dawa anaweka hataki kusema?

#2 Kibopa wa Pwani
Dawa ni moja. Samaki wako wakishashiba usiku wanavuka barabara kwenda kulala kwa mama.

#3 Mchanga wa Pili
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa hapa na karanga zangu.

#4 Ngosha wa Vizimba
Mwalimu pole. Tuanze na hesabu kabla ya uchawi. Samaki 600 kwa gramu 140 ni kilo 84. Sato wa saizi hiyo anatosheka na asilimia 3 hivi ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 2 na nusu. Wewe unamwaga kilo 4. Na hapo nimekubali kwamba wote 600 wapo hai, jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye bwawa la mtu yeyote.

Ile kilo moja na nusu inayobaki haipotei. Inazama, inaoza, inakula oksijeni na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Ingia bwawani bila viatu, kanyaga pale unaporushia chakula, halafu uje utuambie tope lina rangi gani na linanuka nini.

#5 Dada Samaki
Mnaruka ruka kumbe jambo lina jina. Samaki akinyimwa chakula kwa muda halafu akarudishiwa, hula kwa pupa na kukua haraka kuliko yule aliyekuwa anashiba kila siku, mpaka anamfikia. Wataalamu wanauita ukuaji wa kufidia. Mama hajasoma ila ameugundua.

#6 Kibopa wa Pwani
Sawa na sisi mwezi wa Ramadhani. Umewahi kuona mtu wa Tanga aliyekonda Ramadhani? Tambi, maboko, mihogo ya nazi, uji wa pilipili manga, halafu daku. Idi kanzu haifungi.

#7 Fundi Hapa
Dada Samaki, ukuaji wa kufidia upo, lakini umeupandisha cheo. Kuna kazi ya watafiti wa China ya mwaka 2000, sato chotara kwenye maji ya chumvi. Kundi moja halikukosa chakula, mengine yalifungishwa wiki 1, wiki 2 na wiki 4, kisha yote yakalishwa pamoja. Waliofunga wiki 1 waliwafikia wenzao. Waliofunga wiki 2 na 4 hawakuwafikia. Na walipochunguza, hapakuwa na muujiza wowote tumboni: usagaji ulikuwa uleule, chakula kiligeuka nyama kwa kiwango kilekile. Walikula zaidi, basi.

Sasa soma neno hilo vizuri: *waliwafikia*. Hawakuwapita. Samaki wa mama wamewapita wa Mwalimu kwa gramu 50 kila mmoja. Kufidia peke yake hakuwezi kueleza hilo.

#8 Dada Samaki
Fundi asante, nimekosolewa kistaarabu. Ila hata hao wa China walikuwa kwenye matangi, hawakuwa na bwawa la udongo.

#9 Fundi Hapa
Hilo nakubali.

#10 Mjukuu wa Kingolwira
Swali moja tu kwa Mwalimu, limenishangaza hakuna aliyeuliza: maji ya mama yana rangi gani? Na yako?

#11 Mwalimu wa Mlandizi
Nimerudi. Ngosha, nimeingia. Tope jeusi tii, linanuka yai viza, na kila hatua mapovu yanapanda mpaka magotini. Nimeoga mara mbili na mke wangu bado amenihamishia sebuleni.

Mjukuu: maji yangu ni ya kahawia kama chai ya rangi. Ya mama ni ya kijani. Ana banda la bata ukingoni na viroba viwili vya samadi vimefungwa kwenye kona, vinaloa humo. Mimi nilidhani ni uchafu, nikamhurumia.

#12 Mjukuu wa Kingolwira
Basi kesi imeisha. Ile siku unayosema "anaacha", samaki hawafungi, wanakula maji. Ule ukijani ni mwani, vijimea vidogo sana vinavyoelea majini, na sato ameumbwa kwa ajili ya mwani: utumbo wake ukiunyoosha ni mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa. Pima hivi: zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukiona vidole vyako vizuri kabisa, maji hayana chakula. Vikipotea kabla kiwiko hakijagusa maji, rutuba ipo. Ukishindwa kuona hata kiganja kikiwa karibu na uso wa maji, umezidisha samadi na alfajiri moja utaamka samaki wote wako juu wanahema.

Ufilipino walishajaribu hili kwenye mabwawa ya wakulima wenyewe kule Luzon, wakaliandika mwaka 2006. Mabwawa mengine walilisha kila siku, mengine siku moja ndiyo siku moja hapana, yote yakiwa na mbolea. Mavuno hayakupishana kwa kiasi cha kusema huyu kashinda, lakini chakula kilichotumika kilikuwa karibu nusu. Na chakula ndicho kinachokula nusu na zaidi ya gharama za mfugaji.

#13 Mama Kambare
Nawasoma tangu asubuhi. Naomba mtu yeyote mwenye kambare asije akaiga huu uzi. Mimi niliambiwa kwenye kundi la WhatsApp kwamba kuruka siku kunapunguza gharama. Nina tangi la turubai, niliweka vifaranga 500 wenye urefu wa kidole. Nikawa nalisha siku moja naruka moja. Wiki ya tatu nikaona chakula kinabaki, nikafurahi, nikasema kweli gharama imepungua. Kumwaga maji nihesabu: 170. Kati yao kama ishirini hivi walikuwa na matumbo kama wajawazito, na mmoja mkia wa mwenzake ulikuwa bado unaning'inia mdomoni. Kutapika hawezi, kumeza hawezi.

Gharama ilipungua kwa sababu walaji walipungua.

#14 Kibopa wa Pwani
Mama Kambare nimecheka kwa sauti kwenye daladala, watu wananiangalia.

#15 Ngosha wa Vizimba
Mama Kambare yuko sahihi, na si kambare pekee. Chakula kikiwa kidogo, wenye nguvu ndio wanaokula. Hata sato: unapowabania, wakubwa wanakaa pale tonge linapoangukia na kuwafukuza wadogo. Baada ya miezi miwili unakuta bwawa moja lina samaki wa gramu 300 na wa gramu 60, na walipandikizwa siku moja hao. Ukivuta nyavu kona ile ya chakula unapata nani? Wakubwa.

Mwalimu, kwa mama mlivuta kona gani?

#16 Mwalimu wa Mlandizi
Kona ya chakula. Ndiyo yenye ukingo mzuri wa kusimama.

Kwangu tulivuta katikati.

#17 Ngosha wa Vizimba
Haya basi.

#18 Mchanga wa Pili
Karanga zimeisha, ngoja nikanunue nyingine.

#19 Mganda wa Kasese
Nyongeza kuhusu hiyo saa 12 asubuhi. Kuna mtafiti anaitwa Moriarty alifanya kazi Ziwa George, akachapisha mwaka 1973, juu ya namna sato anavyosaga mwani. Aliona kwamba sato anakula mchana, usiku tumbo linakuwa tupu. Kunapokucha akianza kula ndipo tindikali inaanza kutoka, inapanda polepole, mpaka inafika ukali wa pH 1.4 hivi, inayopasua mwani ule mgumu. Kile cha kwanza anachokula asubuhi kinapita na kutoka bado kibichi, kwa sababu tindikali haijakolea.

Kwa hiyo Mwalimu, theluthi ya chakula chako unakipeleka jikoni kabla moto haujawaka.

#20 Pweza Mkavu
Ziwa George si liko Kenya? Halafu samaki hana tumbo, ana utumbo tu, hilo tulifundishwa.

#21 Mganda wa Kasese
Ziwa George liko Uganda ndugu yangu, naliona nikipanda kilima. Na asiye na tumbo ni samaki aitwaye kapu (carp), yule wa magamba makubwa, na jamii yake. Sato analo, dogo, la mfuko. Ndiyo maana anadonoa siku nzima badala ya kushindilia mara moja.

#22 Fundi Hapa
Mganda umesema vizuri ila usiende mbali nalo. Moriarty alikuwa anazungumzia mwani wenye kuta ngumu. Chakula cha dukani kimeshasagwa na kupikwa, hakihitaji tindikali ya kiwango hicho ili kiyeyuke. Mimi ubaya wa saa 12 asubuhi nauona kwenye oksijeni. Usiku kucha mwani na samaki na lile tope vyote vinavuta oksijeni, hakuna jua la kuirudisha, kwa hiyo alfajiri ndiyo inakuwa chini kuliko saa yoyote. Samaki anayehema hana hamu ya kula. Subiri saa 3 au 4, jua limepasha maji, rusha. Jioni saa 10, si gizani.

#23 Dada Samaki
Lakini Fundi, wewe mwenyewe umemwambia sato anadonoa siku nzima, sasa unampunguzia milo?

#24 Fundi Hapa
Aliyesema anadonoa ni Mganda.

#25 Ngosha wa Vizimba
Na mimi niseme la kwangu kuhusu kuruka siku, maana naona mnaelekea kulifanya sheria. Niko upande wa Mwanza, vizimba ziwani. Mwaka juzi chakula kilipopanda bei tukajaribu siku moja ndiyo, siku moja hapana, miezi miwili. Samaki walitoka vichwa vikubwa, migongo kama wembe, tumboni pamebonyea. Mchuuzi alimshika mmoja akauliza, "Huyu alikuwa anaumwa?" Kizimbani samaki ni wengi mno kwenye nafasi ndogo, kinachopita na maji hakiwatoshi, na chini hakuna tope la kudonoa. Siku ya kuruka ni njaa kavu.

#26 Baridi ya Njombe
Huku kwetu kalenda haituongozi, kipimajoto ndicho kinachoongoza. Juni na Julai maji ya asubuhi yanashuka chini ya nyuzi 18. Samaki mwili wake unafuata maji, maji yakipoa na usagaji unalala. Ukirusha chakula kinaelea hapo mpaka kunguru wanakuja. Mwezi huo naruka hata siku mbili mfululizo na hakuna kinachobadilika. Desemba ukiruka siku moja wanaruka juu ya maji kukudai.

#27 Ustaadh wa Mbegani
Mmesahau uzazi. Mwalimu, vifaranga mlivyonunua vilikuwa dume tupu au mchanganyiko? Na kwenye kingo za bwawa lako asubuhi unaona vitoto vidogo vinaogelea kwa makundi?

#28 Mwalimu wa Mlandizi
Muuzaji alisema dume tupu. Vitoto naviona, vingi, kama mbegu za tikiti. Nilidhani ni dagaa.

#29 Ustaadh wa Mbegani
Dagaa Mlandizi!

Mwalimu wewe una wake kwa waume humo, na wamezaana. Sato anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, hata kabla hajafikia saizi ya sahani. Jike akibeba mayai mdomoni hali kitu, wiki moja hadi mbili, halafu akimaliza anajiandaa tena. Chakula chake kinakwenda kwenye mayai badala ya mgongo. Na hivyo vitoto vinakula chakula chako cha bei ghali. Ukisema una samaki 600, labda una 3,000.

#30 Mjukuu wa Kingolwira
Ustaadh, lakini vifaranga vilinunuliwa pamoja. Kama kwa Mwalimu wamezaana na kwa mama wamezaana vilevile. Hiyo haitofautishi.

#31 Ustaadh wa Mbegani
Kweli kabisa. Labda kwa mama kuna mtu anavila.

#32 Kibopa wa Pwani
Mdiria. Korongo. Fisi maji. Wajukuu.

#33 Mtaalamu wa Kununua
Kuna habari nyingine hapa inagusa. Miaka ya 1980 Sena De Silva, Msri Lanka, alikuwa anajaribu kubadilisha chakula cha sato: siku hii chenye protini nyingi, siku inayofuata chenye protini kidogo. Alikuta ratiba nyingine za mchanganyiko zinamkuza samaki karibu sawa na protini nyingi kila siku, kwa gharama ndogo. Hoja yake ilikuwa kwamba samaki hasagi chakula kwa kiwango kimoja kila siku, ana siku za juu na za chini. Mama naye anawapa dagaa leo, kesho mwani uliooteshwa na mbolea ya bata. Bila kujua anafanya ileile.

#34 Fundi Hapa
Mwani una protini nzuri tu, si chakula cha chini. Lakini wazo lako nimelipenda.

#35 Pweza Mkavu
Mimi bado niko kwenye dawa. Mama ana dawa.

#36 Mwalimu wa Mlandizi
Wakuu, wiki sita zimepita, nimerudi na taarifa. Samahani kwa ukimya, mitihani.

Nilihamisha mlo wa kwanza kwenda saa 4, kijana ndiye anayelisha sasa. Nikafuta ule wa mchana. Nikaanza kuruka siku. Nikaloweka viroba vya samadi kama vya mama, nikangoja maji yawe kijani, yakawa. Nikapunguza maji na kutoa tope kona moja, nikaweka maji mapya. Halafu nikauza samaki 150 wa sherehe ya shule.

Jana nimepima, safari hii kwenye kona zote nne, samaki 40. Wastani gramu 230. Chakula nimetumia chini ya theluthi ya nilichokuwa natumia.

#37 Fundi Hapa
Hongera Mwalimu! Lakini umebadilisha vitu sita kwa mpigo. Sasa tutajuaje ni kipi kilichofanya kazi?

#38 Mwalimu wa Mlandizi
Mimi nafundisha Historia mkuu, siyo Baiolojia.

#39 Ngosha wa Vizimba
Mimi nasema ni kuuza wale 150. Ukipunguza watu kwenye sinia waliobaki wanashiba.

#40 Mjukuu wa Kingolwira
Ni maji ya kijani. Msimzungushe.

#41 Dada Samaki
Na kwa mama kuna nini kipya? Naye umempima?

#42 Mwalimu wa Mlandizi
Nimempima, wake ni gramu 250, bado yuko mbele. Ila nimekaa naye kwa kahawa nikagundua mawili.

La kwanza, tangu mwezi wa pili kila Ijumaa anapitisha chandarua kuukuu ukingoni, anatoa vitoto vyote pamoja na wale waliodumaa, anakaanga mboga ya wajukuu. Hakuniambia kwa sababu sikuuliza, niliuliza dawa.

La pili, nikamuuliza hasa nani alimfundisha kuruka siku. Kumbe beseni si lake. Ni la mkwewe, wanalitumia kwa zamu. Leo mama anakandia chakula cha samaki, kesho mkwe anakandia maandazi.

#43 Mchanga wa Pili
Nimepaliwa na karanga.

#44 Ustaadh wa Mbegani
Nilisema kuna mtu anavila!

#45 Kibopa wa Pwani
Mwalimu, huyo mkwe anauzia maandazi wapi? Mimi huwa nateremka Mlandizi kila asubuhi, na kuna maandazi fulani pale stendi nimekuwa nikiyasifia kwamba yana ladha ya dagaa.